Nyumba za Zamani za Mwanza: Ukarabati Unaohifadhi Haiba

Mazungumzo haya yanahusu nyumba za chini za enzi ya ukoloni zilizobaki katika Jiji la Mwanza na miji mingine iliyo kandokando ya Ziwa Victoria, na namna zinavyoweza kukarabatiwa zikakidhi mahitaji ya familia ya leo bila kuvuliwa sura iliyozifanya zipendwe. Nyumba inayozungumziwa ni ile isiyo na ghorofa, yenye paa la mwinuko mkubwa linaloteremka hadi kufunika baraza pana, kuta nene za mawe au za tofali za kuchoma, madirisha ya mbao, na sakafu iliyoinuliwa juu ya usawa wa uwanja. Baadhi ya wajenzi huiita bangalo, na wakazi wengi huitambua kuwa ni nyumba ya mkoloni. Hoja itakayofuatwa hapa ni moja, nayo ni kwamba haiba ya nyumba hiyo hutokana na kazi ambayo kila kiungo chake hufanya dhidi ya jua, mvua, upepo na wadudu, na kwa hiyo anayetaka kuihifadhi hana budi kuielewa kazi hiyo kabla nyundo ya kwanza haijainuliwa.

Historia ya nyumba hizi inafungamana na historia ya usafiri wa ziwani. Kituo cha utawala wa Kijerumani kilianzishwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati ambapo Wamisionari wa Afrika walikuwa tayari wamepiga kambi Bukumbi, kusini mwa mji, tangu mwaka 1883. Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, mabati, saruji, vioo, bawaba na misumari viliweza kushushwa kwenye bandari hiyo na kuvushwa kwa meli hadi Mwanza na Bukoba, na njia hiyo ikaendelea kutegemewa hata baada ya Waingereza kuitwaa Mwanza mwezi Julai 1916, hadi reli ya kutoka Tabora ilipokamilika mwaka 1928. Vitu vizito, kwa upande mwingine, vilipatikana papo hapo: mawe ya matale yaliyoipa Mwanza sifa ya kuwa Jiji la Miamba yalichongwa kuwa misingi na nguzo, udongo ulifyatuliwa na kuchomwa kuwa tofali, na mbao ngumu kama mvule na mninga zikafanywa milango, fremu na kenchi, yaani zile fremu za pembetatu zinazobeba paa.

Nyumba za namna hiyo hupatikana katika vilima vya Isamilo, katika rasi ya Capri Point, na katika mitaa ya zamani ya Bukoba na Musoma. Miongoni mwa nyumba za Kijerumani zinazojulikana Mwanza ni ile inayoitwa Gunzert House, iliyo juu ya kilima kinachojulikana kwa jina la Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyefika ukanda wa ziwa mwaka 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale. Jina la nyumba hiyo linamkumbusha Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Mwanza katika utawala wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hata hivyo, nyingi ya nyumba hizi hazina jina, hazimo katika vitabu vya watalii, na hatima yake iko mikononi mwa mwenye nyumba na fundi wake.

Ili kuelewa kwa nini nyumba hizo zilijengwa zilivyojengwa, ni lazima kuiangalia hali ya hewa ya mahali penyewe. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Katika latitudo hiyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo kuta za kaskazini na kusini huchomwa kidogo, ilhali zile za mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini la asubuhi na la alasiri, ambalo ukingo wa kawaida wa paa hauwezi kulizuia. Baraza pana ndiyo iliyokuwa dawa yake, kwa sababu huuweka ukuta wa chumba ndani ya kivuli na kuifanya hewa inayoingia dirishani iwe imekwisha kupoa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo mwanana hutoka ziwani kuja kujaza nafasi yake. Usiku mwelekeo huo hugeuka, upepo ukatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Mjenzi wa zamani aliweka madirisha yakitazamana ili upepo huo upenye chumba kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akaacha matundu ya hewa karibu na dari na kwenye ncha za paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea.

Ukarabati unaofanywa mara nyingi siku hizi huanza kwa kuviondoa viungo hivyo hivyo. Baraza huzibwa kwa tofali na vioo ili kipatikane chumba cha ziada, dari ya mbao hushushwa na kufunikwa kwa jipsamu hadi matundu ya hewa yakapotea, na madirisha ya shata, yaani yale yenye vipande vya mbao vilivyoinamishwa ili vipitishe hewa huku vikizuia mvua na jua, hubadilishwa kwa vioo vya aluminiamu vya kusukuma ambavyo hufunguka nusu tu ya upana wake. Kuta za nje hupigwa lipu ngumu ya saruji, vigae hung'olewa ili nyumba iezekwe mabati ya msauzi, na sakafu ya kale hufunikwa kwa tailizi. Kila hatua, ikitazamwa peke yake, ina sababu yake, kwa kuwa mwenye nyumba anataka nafasi, usalama na usafi. Zikijumlishwa pamoja, hata hivyo, hutoa nyumba yenye joto na unyevu inayohitaji kiyoyozi katika mji ambao upepo wa ziwa ungeweza kuipoza bure, na mtazamaji akiwa barabarani hawezi tena kuitofautisha na nyumba iliyojengwa jana.

Hatua ya kwanza ya ukarabati unaostahili jina hilo ni uchunguzi. Nyumba nzima hupimwa na kuchorwa, kila chumba hupigwa picha, na kila mlango, dirisha na kenchi hupewa namba, ili kinachoshushwa kwa ajili ya matengenezo kirudishwe mahali pake. Inafaa uchunguzi huo upitie walau msimu mmoja wa mvua, ama vuli ya Oktoba hadi Desemba ama masika ya Machi hadi Mei, kwa maana mvua huonyesha kwa siku moja mahali ambapo maji yanaingia, yanatuama na yanapanda ukutani, mambo ambayo kiangazi huyaficha. Nyufa nazo hazifai kuzibwa kabla hazijasomwa. Fundi mwangalifu huchora mstari mwembamba wa penseli mahali ufa unapoishia, akaandika tarehe pembeni, kisha akarudi kila baada ya wiki kadhaa kuangalia kama ufa umeuvuka mstari huo. Ufa uliotulia ni kovu la zamani linaloweza kujazwa, ilhali ufa unaoendelea kutembea unaeleza kwamba msingi unazama, au mzizi wa mti unasukuma, au maji ya paa yanamwagika mahali pasipostahili, na kuuziba bila kukiondoa chanzo chake ni kuahirisha gharama.

Uchunguzi huo una uzito wa pili, ambao ni usalama wa watu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati jengo likiwa katika ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Msiba huo uliukumbusha ukanda mzima kwamba jengo la kale huwa katika hatari kubwa pale linapoguswa, kwa kuwa uzito uliozoea kupita njia fulani hulazimika kupita njia nyingine. Magharibi mwa ziwa nako, tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliharibu nyumba nyingi za Mkoa wa Kagera pamoja na majengo ya shule kongwe kama Ihungo. Kwa hiyo ukuta wa ndani haupaswi kubomolewa kwa nia ya kupanua sebule kabla mhandisi hajathibitisha kwamba haubebi paa, na nyumba isiyo na lenta, yaani mkanda wa zege unaozifunga kuta pamoja juu ya milango na madirisha, inaweza kuongezewa mkanda wa namna hiyo chini ya paa mahali usipoonekana.

Baada ya uchunguzi, kazi huanzia juu, kwa sababu hakuna ukarabati wa ukuta utakaodumu chini ya paa linalovuja. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba paa linalovuja ni lazima libadilishwe lote. Katika paa la mabati, uvujaji mara nyingi hutoka kwenye misumari iliyolegea, kwenye kofia na kwenye mabonde ambapo pande mbili za paa hukutana, na sehemu hizo zinaweza kurekebishwa peke yake. Unene wa bati hupimwa kwa geji, na kadiri namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene, hivyo mwenye nyumba asikubali bati nene la zamani lenye kutu ya juu juu liondolewe na mahali pake liwekwe jipya la geji 32 lisilolingana nalo kwa uimara. Mahali penye vigae vya udongo vya mtindo wa Mangalore, mji wa India ambako Misheni ya Basel ilianzisha kiwanda cha vigae mwaka 1865, kila kigae hushushwa kwa mkono, hupigwa mswaki na hugongwa taratibu kwa kifundo cha kidole: kilicho kizima hulia kwa sauti kali, na chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza. Aghalabu jina la kiwanda huwa limegongwa upande wa chini, na jina hilo ni ushahidi wa asili ya paa hilo. Vizima hukusanywa upande wa mbele wa nyumba unaoonekana, na vipya vya umbo hilo hilo huwekwa upande wa nyuma.

Paa hilo pia ni chanzo cha maji. Mwanza hupata mvua ya wastani wa takriban milimita 1,000 kwa mwaka, na kwa kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, paa la mita za mraba 150 hupokea karibu lita 150,000 kwa mwaka kabla ya kutoa kinachopotea. Kiasi hicho kikimwagika kwenye mguu wa ukuta hudhoofisha msingi, lakini kikipokewa kwa gata na kupelekwa kwenye tangi huinufaisha familia na kuiokoa nyumba kwa wakati mmoja. Gata za bati zenye umbo la nusu duara, zikiwekwa chini ya ubao wa ukingo bila kuuficha, haziharibu sura ya nyumba hata kidogo.

Suala la kuta linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndizo zinazoharibiwa kwa nia njema kuliko viungo vingine vyote. Kuta nyingi za nyumba hizi zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa au kwa udongo, na ukuta wa aina hiyo hupumua, yaani hupokea unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, kisha huutoa kupitia lipu pindi jua linapowaka. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ikipigwa juu ya ukuta laini, hupasuka nyufa nyembamba zinazoingiza maji lakini haziyaachi yatoke, nayo maji yaliyofungiwa hupanda juu zaidi, yakabeba chumvi, yakazitafuna tofali kutoka ndani, hadi siku ambayo lipu inabanduka ikiwa kipande kizima na kuacha tofali zilizogeuka unga. Ukweli huu unajulikana vyema Zanzibar, ambako kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimedhurika mno kwa saruji, na unazihusu vilevile kuta za kandokando ya ziwa.

Tiba ya ukuta wa namna hiyo ni kuutengeneza kwa kitu kilichoujenga. Fundi hukwaruza kiungo kati ya tofali mbili kwa ncha ya msumari, na kama kinachotoka ni unga mweupe mlaini, hiyo ni dalili ya chokaa. Chokaa iliyolowekwa vizuri huchanganywa na mchanga mkali uliochekechwa, kwa kawaida sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga. Ukuta hunyunyiziwa maji kabla ya kupigwa, na lipu huwekwa matabaka membamba, kila moja likiachwa lishike kabla ya jingine kufuata. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa kutoka angani, kwa hiyo hufunikwa kwa magunia yaliyolowanishwa kwa siku kadhaa ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Ukuta huo humalizwa kwa rangi ya chokaa, kwa sababu rangi ya plastiki ikipakwa juu yake huziba upya vinyweleo vilivyokwisha kufunguliwa. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko lipu ya saruji, na mwenye nyumba anapaswa kuupanga muda huo tangu mwanzo ili asimharakishe fundi.

Madirisha na milango ndiyo uso wa nyumba, na hapo ndipo seremala hodari anapohitajika kuliko muuzaji wa aluminiamu. Dirisha la zamani linaloonekana limekufa mara nyingi huwa limeoza sehemu moja tu, nayo ni ubao wa chini unaopokea maji na mguu wa fremu unaokaa juu yake, ilhali sehemu iliyobaki ni mvule au mninga imara. Seremala hukata sehemu iliyooza kwa mshazari hadi afikie mbao nzima, huchonga kipande kipya cha mbao ya aina ile ile chenye nyuzi zinazofuata mwelekeo ule ule, hukiunga kwa gundi isiyoyeyuka majini na vigingi vya mbao, kisha hukipiga randa hadi kiungo kisisikike chini ya kidole. Upande wa chini wa ubao mpya huchongwa mfereji mdogo unaoyafanya maji ya mvua yadondoke kabla hayajaufikia ukuta. Wavu wa mbu unaweza kufungwa kwa ndani katika fremu nyembamba inayotolewa ili isafishwe, jambo lenye umuhimu mkubwa katika ukanda wa ziwa wenye malaria na makundi ya wadudu wadogo wa majini, na nondo za usalama, zikihitajika, zifuate mistari ya dirisha lenyewe badala ya kulikata katikati.

Sakafu za nyumba hizi nyingi ni za saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta hadi ikang'aa, na zinapopasuka hutengenezwa kwa kujaza ufa kwa mchanganyiko wenye rangi inayokaribiana na ya sakafu, kisha sakafu nzima ikapigwa nta upya. Mchwa huzuiwa kwa kuuacha mguu wa nyumba wazi ili njia zao za udongo zionekane, kwa kutorundika kuni na udongo ukutani, na kwa dawa inayotiwa ardhini na mtaalamu. Vifaa vingine vya kale havistahili kuhifadhiwa hata kidogo. Mapaa na dari za asbesto, zilizotumika sana katika karne ya 20, zina nyuzi ndogo ambazo zikivutwa ndani ya mapafu husababisha saratani, kwa hiyo zisikatwe wala kuvunjwa kwa mikono mitupu, bali ziondolewe na wenye utaalamu, zikiwa zimelowanishwa. Nyaya za umeme za zamani nazo ziondolewe zote na fundi umeme mwenye leseni, kwa kuwa moto mmoja unaweza kumaliza kile ambacho mvua haikukimaliza kwa miaka mingi.

Familia ya leo inahitaji jiko la ndani, vyoo na bafu zaidi ya ilivyokuwa zamani, na mahitaji hayo ni ya haki. Njia iliyo bora ni kuziweka sehemu zenye maji katika upande wa nyuma au katika majengo ya nje, yaani jiko la zamani na vyumba vya watumishi, ambayo huweza kuunganishwa na nyumba kubwa kwa ukumbi mwembamba wenye paa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo duniani wanautumia kuwa mwongozo wao, unaelekeza kwamba nyongeza mpya itofautike na kazi ya kale, na kwamba urejeshaji usimame pale kubahatisha kunapoanza. Maana yake kwa mwenye nyumba ni nyepesi: chumba kipya kiwe kifupi kuliko paa la zamani, kiwe na umbo la kisasa lenye staha, na kisijifanye kuwa cha mwaka 1912, na kama nakshi ya baraza imepotea bila kuacha picha wala kipande, ubao usio na nakshi ni wa kweli kuliko nakshi ya kubuni.

Sheria nazo zizingatiwe mapema. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri husika, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, jambo linalomaanisha kwamba anayepanga kuongeza chumba upande wa maji anapaswa kupata ushauri kwanza. Maumbile yenyewe yametoa onyo hilo hilo: mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilipanda hadi kuivuka rekodi ya mwaka 1964, na maji yakaingia katika majengo mengi ya ufukweni.

Kuhusu urithi, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inavitaja miongoni mwa vitu vinavyolindwa milango na miimo ya mbao iliyochongwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940. Nyumba za Kijerumani na za Kiingereza za Mwanza zimejengwa baada ya mwaka 1863, kwa hiyo hazipati ulinzi huo mpaka waziri mwenye dhamana atangaze jengo moja moja. Umiliki wa nyumba hizo nao umebadilika: nyingine zilipita mikononi mwa Msajili wa Majumba baada ya sheria ya utaifishaji ya mwaka 1971, nyingine zilikuwa nyumba za serikali zilizouzwa kwa watumishi miaka ya 2000. Katika hali hiyo, ulinzi wa kweli wa nyumba nyingi unategemea uamuzi wa mwenye nyumba.

Wapo wanaouliza kama kuna haja ya kutunza nyumba zilizojengwa ili mtawala akae kilimani na mtawaliwa akae bondeni, na swali hilo ni la msingi. Ni kweli kwamba miji ya kikoloni iligawanywa kwa rangi, na vyumba vidogo vya watumishi vilivyo nyuma ya nyumba kubwa ni ushahidi wa mgawanyo huo, ndiyo maana navyo havipaswi kubomolewa kana kwamba havikuwapo. Lakini mawe yale yalichongwa, tofali zile zilichomwa na mbao zile zilipigwa randa na mikono ya mafundi wa Kiafrika na wa Kiasia, na ustadi huo ni mali ya watu wa nchi hii. Utunzaji wa nyumba hizi haushindani na utunzaji wa urithi mwingine. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa, yanahifadhi utamaduni na ujenzi wa wenyeji, na nyumba ya Magomeni jijini Dar es Salaam alimoishi Mwalimu Julius Nyerere imehifadhiwa vilevile, nazo zote pamoja huieleza historia kwa ukamilifu wake.

Kwamba kazi hii inawezekana, mifano ipo. Nyumba aliyoishi mwandishi Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong nchini Kenya, ambayo ni ya chini, yenye baraza, iliyojengwa mwaka 1912, imekuwa makumbusho tangu mwaka 1986 na bado ina umbo lake. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa miaka ya 1860 katika zama za Sultani Majid, limekarabatiwa na kupewa kazi mpya ya kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo. Nyumba ya mtu binafsi haihitaji kuwa makumbusho, bali inahitaji kukaliwa, kwa maana jengo linalofunguliwa madirisha kila asubuhi na kufagiliwa gata kabla ya vuli huishi muda mrefu kuliko jengo lililofungwa kwa kufuli.

Kwa hiyo mwenye nyumba ya namna hii, awe Isamilo, Capri Point, Bukoba au Musoma, anaombwa asianze kwa kununua saruji. Aanze kwa kuipima nyumba, kuipiga picha na kuitazama mvua ikiinyeshea. Amtafute mhandisi wa kumweleza kuta zinazobeba paa, na seremala na mwashi wanaojua mbao na chokaa. Kisha atengeneze paa, gata, kuta na madirisha kwa mpangilio huo, hata kama fedha zinaruhusu sehemu moja tu kwa mwaka. Halmashauri za miji ya ziwa nazo zinaombwa kuziorodhesha nyumba hizo mtaa kwa mtaa na kuzipendekeza zinazostahili kutangazwa, na vyuo vya ufundi vinaombwa kuirudisha kazi ya chokaa katika karakana zao, ili fundi kijana ajue kutengeneza ukuta wa babu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mpya, hata ukiwa imara namna gani, hauwezi kuwa na umri wa ule ulioachwa uanguke.